Laptopu Haioni Wi-Fi ya Nyumbani: Kabla ya Kubonyeza Chochote, Uliza Nani Anaona Nini

Umeme ukikatika Mwanza usiku, najua asubuhi simu yangu haitatulia. Malalamiko ni yaleyale, sauti tu ndizo tofauti. "Shikamoo fundi, Wi-Fi imepotea kwenye laptopu." "Fundi, za majirani zote naziona, ya kwangu tu siioni." "Fundi, nimeshairiseti rauta mara mbili na bado." Huyu wa tatu ndiye mwenye kazi ndefu, na nusu ya kazi hiyo kajitengenezea mwenyewe.

Kile kitundu kidogo nyuma ya rauta, cha kuchoma kwa pini, kiache kwanza. Ukikishikilia sekunde kumi hivi rauta inasahau kila kitu: jina la Wi-Fi, neno la siri, na yale aliyoyaingiza mtoa huduma siku ya kufunga, yaani jina la akaunti kama ni faiba au APN, lile jina la mlango wa intaneti wa kampuni ya simu, kama ni rauta ya laini ya simu. Ulikuwa na tatizo moja, sasa unayo mawili, na la pili linahitaji mtu wa kampuni.

Badala yake chukua simu, simama palepale laptopu ilipo, fungua orodha ya Wi-Fi kwenye vyote viwili na uzilinganishe. Zima data ya simu kwanza, maana wapo wanaoapa kwamba "simu inapata Wi-Fi vizuri" kumbe wanakula bando. Orodha hizo mbili zitakuonyesha uende sehemu ipi kati ya hizi.

Laptopu haioni mtandao wowote, hata wa jirani

Kosa liko kwenye laptopu. Rauta usiiguse.

Kinachoongoza kwa mbali ni swichi. Tazama chini kulia ya kioo kama kuna alama ya kindege. Maana yake hali ya ndegeni imewashwa. Mtoto akicheza gemu akagusa Fn pamoja na kitufe chenye alama ya antena au kindege, Wi-Fi inazimika na nyumba nzima hakuna anayejua. Kitufe hicho hakikai sehemu moja kwa laptopu zote, kitafute kwenye mstari wa juu wa F1 hadi F12. Laptopu za mtumba nazo zina lao. Zile Dell Latitude za zamani, nzito, ambazo wanafunzi wa Malimbe wanazipendea bei, nyingi zina swichi ya kuteleza ubavuni, na ukiichomoa laptopu kwenye begi swichi inasukumwa na kitambaa. Nimewahi kupanda bodaboda hadi Buswelu kwenda kusukuma swichi ya namna hiyo kwa ukucha. Nilichukua nauli tu, hela ya ufundi niliona aibu kuitaja.

Kama swichi ziko sawa, chagua "Restart". Si kuzima kisha kuwasha, hapana, "Restart" yenyewe. Windows 10 na 11 ukizizima kwa kawaida hazizimiki kabisa. Zinahifadhi sehemu ya kumbukumbu ili kesho ziwake haraka, kwa hiyo draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa, ikiwa ilikwama jana inaamka imekwama vilevile.

Bado? Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, ingia "Device Manager", fungua "Network adapters". Humo imo kadi ya Wi-Fi, kile kipande cha ndani ya laptopu kinachonasa Wi-Fi. Ikiwa na kishale cha kuelekea chini imezimwa tu. Bofya kulia, chagua "Enable device". Kadi yenye pembetatu ya njano ina kasoro ya draiva. Ibofye mara mbili usome namba. Code 22 ni kwamba imezimwa, Code 28 draiva haijawekwa, Code 10 imeshindwa kuanza. Hiyo 28 ndiyo naikuta sana kwa waliotoka kupigiwa Windows mpya mjini: fundi kamaliza, kapokea hela, kioo kinapendeza, Wi-Fi hakuna.

Na draiva utaishushaje bila intaneti? Chomeka simu ya Android kwenye laptopu kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, washa kushiriki intaneti kwa USB. Laptopu itaichukulia simu kama waya wa mtandao, na hapo draiva ya Wi-Fi haihitajiki. Nenda kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu, andika modeli iliyobandikwa chini ya laptopu, chukua draiva ya "Wireless". Zile programu zinazojinadi kwamba zitatafuta draiva zote kwa mpigo achana nazo. Zinamaliza bando na kukuachia takataka.

Kuna wakati kadi ipo, haina alama yoyote, ila orodha ni tupu. Bonyeza Windows na R, andika services.msc, tafuta "WLAN AutoConfig". Iwe inafanya kazi, na iwe imewekwa "Automatic".

Kama kadi haipo kabisa kwenye "Device Manager", zima laptopu, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde thelathini, kisha rudisha vitu na uwashe. Usiniulize mara nyingi kiasi gani inasaidia. Inasaidia vya kutosha kunifanya nisiiruke. Ikishindikana, kadi imelegea au imekufa, na ipo ndani. Hapo mpe fundi. Tena usikimbilie kununua kadi mpya: baadhi ya Lenovo na HP za miaka ya nyuma zinakataa kadi isiyo kwenye orodha ya kiwanda, unawasha unakutana na maandishi ya kukataa hata Windows haijaanza. Kidude cha Wi-Fi cha kuchomeka USB kinamaliza kesi kwa hela ndogo. Hakikisha tu kinasoma 5 GHz, maana vile vya bei ya chini kabisa husoma 2.4 peke yake, na sehemu inayofuata itakuonyesha kwa nini jambo hilo ni zito.

Inaona za majirani wote, ya kwako haioni, na simu inaiona

Hili ndilo linalowapeleka watu kwenye pini. Hakuna kilichoharibika. Rauta inaongea, simu inasikia, ila laptopu haina sikio la sauti hiyo.

Chunguza kwanza masafa. Rauta nyingi za sasa hurusha kwa 2.4 GHz na 5 GHz, na laptopu nyingi za mtumba zinasikia 2.4 tu. Kama 2.4 imezimwa kwenye rauta, au yale majina mawili yalitenganishwa na unalolitafuta ni la 5, laptopu haitaliona hata ukiilaza juu ya rauta. Kujua laptopu yako iko upande gani, fungua "Command Prompt" na uandike:

netsh wlan show drivers

Tafuta mstari wa "Radio types supported". Ukikuta 802.11b, 802.11g na 802.11n peke yake, hesabu kwamba ni ya 2.4 tu. Ukiona 802.11a au 802.11ac, 5 GHz inaisikia. Dawa ni kuingia kwenye rauta kwa simu na kuwasha 2.4. Anwani yake mara nyingi ni 192.168.0.1, 192.168.1.1 au 192.168.8.1, na neno la siri la kuingilia limebandikwa chini ya rauta kama hakuna aliyelibadilisha.

Cha pili ni chaneli, na hapa naomba univumilie nikae kidogo, kwa sababu ndicho kinachoeleza habari ya "jana ilikuwa inafanya kazi".

Masafa ya 2.4 yamegawanywa kwenye chaneli 1 hadi 13. Rauta nyingi zinazouzwa kwetu zinaruhusu zote. Marekani wanatumia 1 hadi 11, na kadi nyingi za laptopu zilizotengenezwa kwa soko la kule hazisikilizi 12 wala 13. Sasa fikiria laptopu imeshuka na shehena ya mtumba, ikafika sokoni Makoroboi, ukainunua. Ina masikio ya Marekani. Rauta yako imewekwa "Auto", kwa hiyo kila inapowaka inasikiliza mtaa na kuchagua chaneli yenye kelele kidogo. Mitaa yetu imejaa, chaneli 1, 6 na 11 zimebanana kama abiria wa jioni wa stendi ya Buzuruga, kwa hiyo siku moja umeme unakatika saa nane usiku, unarudi saa kumi, rauta inawaka, inapiga chabo, inaona 13 ni tupu, inahamia huko. Asubuhi laptopu haioni kitu. Hujagusa chochote, na kweli hujagusa.

Kijana mmoja wa Nyegezi alikuja na laptopu na simu mezani kwangu, akalalamika hivyohivyo. Nikamwambia arudi nyumbani aweke kwenye simu programu ya kuchambua Wi-Fi, hizi za bure, aniambie rauta yao iko chaneli ngapi. Akapiga: "Bro, inasema kumi na tatu." Nikamwongoza kwa simu: ingia kwenye rauta, sehemu ya Wi-Fi, toa "Auto", weka 6, hifadhi. Akakaa kimya kidogo, kisha nikasikia sauti ya mama yake nyuma ikiuliza, "Imerudi?" Mama alikuwa ameshaandaa hela ya kulipa fundi wa rauta.

Chagua 1, 6 au 11, yoyote yenye majirani wachache, uiache hapo. Tatu hizo haziingiliani. Ukiweka 3 au 8 kwa ujanja wa kukwepa foleni, unasumbuliwa na pande zote mbili.

Kwenye 5 GHz kuna ndugu yake. Chaneli 52 hadi 144 zinatumiwa pia na rada, kwa hiyo rauta inatakiwa isikilize kwanza walau dakika moja kabla ya kurusha, na ikisikia rada inahama. Kadi nyingine za laptopu hazipendi chaneli hizo kabisa. Ukiweka 36, 40, 44 au 48 umemaliza.

Cha tatu kinawapata walionunua rauta mpya. Rauta ya Wi-Fi 6 inarusha kwa mtindo wa 802.11ax, na kadi za Intel za nyuma kidogo, kama 7265, 8260 na 8265, zikiwa na draiva ya zamani hazionyeshi mtandao huo hata jina. Si kwamba zinashindwa kuunganika; haupo kwenye orodha. Sasisha draiva ya Intel. Kama haiwezekani leo, ingia kwenye rauta ubadilishe mtindo wa 2.4 kutoka "ax" kurudi "b/g/n" na utaiona.

Vilivyobaki ni vya nadra na nitavipita haraka. Jina linaweza kuwa limefichwa: laptopu inaonyesha "Hidden Network", unabofya na kuandika jina mwenyewe, herufi kubwa na ndogo zikiwa vilevile. Ulinzi wa neno la siri unaweza kuwa umewekwa WPA3 peke yake, yaani ule mtindo mpya. Windows 7 haiijui, Windows 10 imeanza kuijua kwenye toleo la 1903, kwa hiyo weka WPA2 au ule mchanganyiko wa WPA2/WPA3. Na kama laptopu ilikuwa ya ofisi, huenda kuna aliyezuia majina fulani. Andika netsh wlan show filters uone kama la kwako lipo kwenye orodha ya waliozuiwa.

Hata simu haiioni

Hapa ndipo rauta inastahili kulaumiwa, ila si kwa pini bado.

Tazama jina kwanza. Kama kuna mtu nyumbani aliyeriseti, au kampuni imesukuma mabadiliko, Wi-Fi imerudia jina la kiwandani. Unatafuta "Familia Yetu" na yenyewe imekaa pale kwenye orodha na jina la herufi na tarakimu ambalo ulilisahau siku ya kwanza. Lisome chini ya rauta.

Kisha adapta. Hii naikuta mno kwenye nyumba zenye king'amuzi, rauta na redio kwenye ekstensheni moja. Umeme ukiyumba watu wanachomoa vyote, wanarudisha gizani, pini zinalingana, taa zinawaka. Rauta inayotaka volti 12 ukiipa 9 inaweza kuwasha taa ya umeme na isiweze kuendesha redio ya Wi-Fi, yaani sehemu ya ndani inayorusha mawimbi. Geuza rauta, soma volti. Geuza adapta, soma volti. Zilingane kabisa. Ampea za adapta ziwe sawa au zaidi, zikipungua rauta inawaka na kujizima. Angalia pia kimchoro cha chanya na hasi, vifanane. Adapta ya volti kubwa kuliko inayotakiwa usiichomeke hata kwa kujaribu, hiyo inaweza kuua rauta papo hapo.

Tatu, kitufe cha Wi-Fi. Rauta nyingi zinacho ubavuni au nyuma, kimeandikwa "WLAN" au "Wi-Fi", wakati mwingine ni kilekile cha WPS, cha kuunganisha kifaa bila kuandika neno la siri. Mtu akifuta vumbi anakibonyeza. Taa ya WLAN ikiwa haiwaki na nyingine zinawaka, bonyeza sekunde mbili tatu uone.

Nne, imeganda. Chomoa adapta ukutani, hesabu hadi thelathini bila kudanganya, rudisha, subiri dakika tatu. Watu wanasubiri sekunde ishirini wanasema imekufa.

Bado hakuna? Unganisha laptopu na rauta kwa waya wa mtandao. Ukiandika ipconfig, anwani kwenye mstari wa "Default Gateway" ndiyo mlango wa rauta. Ukiingia, tazama kama Wi-Fi imezimwa, au kama kuna ratiba ya kuizima usiku. Mzazi mmoja wa Kirumba aliweka ratiba hiyo ili wanae walale, umeme ukakatika, saa ya rauta ikapotea, ikawa inalala mchana. Kama kila kitu kimewashwa, intaneti inapita kwenye waya, ila Wi-Fi haitoki, basi redio ya ndani imekufa. Rauta yenyewe bado nzima: nunua rauta ndogo, iunganishe nayo kwa waya, hiyo ndogo irushe Wi-Fi.

Kwa wanaokaa karibu na maji, neno moja. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi wanafuata mwanga, na taa za rauta usiku ni mwanga. Niliwahi kufungua rauta iliyokaa dirishani Kirumba, matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa na zulia la mabawa makavu, na chini yake mjusi mmoja aliyekwenda kula akaishia humo. Rauta iliyozibwa inachemka, na ikichemka inajizima. Isogeze kutoka dirishani, usiifunike kitambaa cha kufuma.

Inaonekana, inapotea, inaonekana

Sogea mita mbili kutoka kwenye rauta. Ikitulia, tatizo ni njia. Mji huu umejengwa juu ya miamba na wengine tumejenga tukiiacha ndani ya kiwanja. Nyumba za Isamilo, Igogo au Mabatini zinapanda ngazi kwa ngazi, sebule juu, chumba cha nyuma chini, katikati jiwe. Wi-Fi haipiti jiwe la ukubwa wa chumba. Haipiti vizuri pia simtanki lililojaa, friji wala ukuta wa mabati. Weka rauta juu, wazi, si nyuma ya televisheni. 2.4 inafika mbali kuliko 5, kwa hiyo chumba cha mbali kipe 2.4. Microwave nayo inafanya kazi kwenye masafa hayohayo ya 2.4, ikiwaka Wi-Fi inayumba, ikizimwa inatulia.

Ikipotea hata ukiwa mezani nayo, rudi kwenye adapta. Ikishikwa ni ya moto na laptopu mbili na simu zote zinakatika pamoja, ibadilishe. Ikiwa laptopu moja tu ndiyo inakatika, ingia "Device Manager", kadi ya Wi-Fi, sehemu ya "Power Management", ondoa alama ya kuruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme.

Hapa simamisha mkono

Mvua ya radi ikiwa inakuja kutoka ziwani, usipime chochote. Chomoa adapta, na chomoa pia waya unaotoka nje au kwenye antena ya paa, maana radi inaweza kuingilia huko pia, si kwenye soketi tu. Kupanda bati kurekebisha antena ni kazi ya wenye mkanda na ngazi zao.

Harufu ya kuungua, adapta iliyovimba au inayolia: chomoa kwenye soketi kavu, mikono mikavu, na usiirudishe. Betri ya laptopu iliyovimba hadi kibodi inanyanyuka usiibonyeze wala usiitoboe, mpelekee fundi laptopu ikiwa imezimwa.

Kwenye faiba, taa ya LOS ikiwa nyekundu maana yake mwanga wa faiba haufiki kwenye kifaa chako, na mara nyingi kosa liko kwenye waya wa kioo. Usiuchomoe, usiukunje, usichungulie ncha yake. Piga simu kwa kampuni. Na rauta iliyofungiwa laini ya kampuni moja, mtu akikuahidi kuifungua kwa kupakia programu ya kigeni, jua kwamba umeme ukikatika katikati rauta inaweza kubaki tofali, haiwaki tena.

Ukimwita fundi, mwambie orodha mbili zile zilisema nini, taa zipi zinawaka, na kama kuna aliyeriseti, hata kama ni wewe. Ukiileta rauta dukani, njoo na adapta yake. Wengi wanaleta rauta peke yake, naiwasha kwa adapta yangu, inafanya kazi vizuri, wanarudi nayo Igoma, na jioni wananipigia tena.